Seva ya DHCP isiyoidhinishwa

Seva ya DHCP isiyoidhinishwa ni kifaa kinachogawa anwani za IP katika mtandao wa kompyuta bila idhini ya msimamizi wake. Mara nyingi si kazi ya mhalifu, bali ni ruta ndogo ya nyumbani ambayo mfanyakazi ameileta ofisini ili apate Wi-Fi karibu na meza yake, akachomeka kebo ya ofisi kwenye tundu la LAN badala ya WAN.

DHCP ni itifaki inayoipatia kompyuta anwani inapojiunga na mtandao. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1993, kisha ikaelezwa upya mwaka 1997 katika waraka RFC 2131. Kompyuta isiyo na anwani haijui seva iko wapi, hivyo hutangaza ombi lake kwa mtandao wote na kwa kawaida hukubali jibu linalofika kwanza. Haina njia ya kujua kama anayejibu ana mamlaka.

Dalili

Kompyuta zilizojibiwa na ruta hiyo hukosa intaneti, printa au mafaili ya pamoja, huku za jirani zikifanya kazi vizuri. Ndiyo maana lawama huangukia kompyuta zisizo na kosa. Kifaa kikiwa kimewekwa kwa nia mbaya, hatari ni kubwa zaidi: kinaweza kujitangaza kuwa njia ya kutokea nje ya mtandao na kusoma mawasiliano yasiyosimbwa.

Kukitafuta

Katika kompyuta ya Windows iliyoathirika, amri ipconfig /all huonyesha anwani ya seva ya DHCP iliyoijibu. Ikiwa si ile ya ofisi, bali kwa mfano 192.168.0.1, ambayo ni ya kawaida katika ruta za nyumbani, mgeni amepatikana kwa jina tu. Bado hajulikani alipo. Amri arp -a huonyesha anwani yake ya MAC, yenye biti 48. Biti 24 za mwanzo aghalabu humtambulisha mtengenezaji, jambo linalosaidia kujua kama kinachotafutwa ni ruta au printa.

Swichi inayosimamiwa huweka jedwali la anwani za MAC na tundu ambalo kila moja imeonekana. Tundu likiwa na anwani nyingi, huenda linaelekea kwenye swichi nyingine, na upekuzi huendelea huko hadi kufikia kebo yenyewe. Ofisi isiyo na lebo kwenye matundu ya ukutani hulipa gharama yake hapa, kwa mafundi kutambaa chini ya meza.

Swichi za kawaida hazina jedwali la kusomwa. Hapo hubaki kuchomoa kebo moja moja, huku amri ping ikielekezwa kwa seva hiyo mpaka inyamaze, ikiwezekana baada ya saa za kazi.

Kinga

Swichi nyingi zinazosimamiwa zinaweza kuamriwa kupokea majibu ya DHCP kutoka matundu yaliyotajwa tu. Jibu linaloingia kupitia tundu lingine hutupwa kabla ya kuifikia kompyuta yoyote.