Nyumba Iliyotangulia Nyumba

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1944, nchi ya Ufini, iliyoko kaskazini mwa Ulaya, ilitia saini mapatano ya kusimamisha vita na Urusi ya Kisovieti. Kwa mapatano hayo ilipoteza sehemu kubwa ya jimbo la Karelia, na watu zaidi ya 400,000, yaani zaidi ya mmoja katika kila kumi wa nchi nzima, wakawa hawana kwao. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria ya kuwagawia ardhi. Wengine walipata mashamba yaliyokwisha kulimwa. Lakini wengine walionyeshwa msitu na kinamasi tu, pasipo kibanda wala njia, na mashamba ya namna hiyo yakaitwa "mashamba baridi". Jina hilo halikuwa la mzaha. Katika nchi ile maziwa huganda hata gari likaweza kupita juu yake, na usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri si jambo la kushangaza.

Mfikiri basi, ewe msomaji, mtu aliyefika mahali kama hapo pamoja na mkewe, watoto wake, ng'ombe mmoja na shoka. Ajenge nini kwanza? Sisi huenda tungesema nyumba, au zizi. Wengi wao walijenga kwanza chumba cha kuogea. Walijenga sauna, wakahamia humo wote, wakapika humo, wakalala humo, wakaoga humo siku ya Jumamosi. Na nyumba yenyewe ikaja kusimama kando baadaye, mbao na nguvu zilipopatikana. Wala hawakubuni jambo jipya. Wafini waliohamia Marekani katika karne ya 19, wakafyeka misitu ya Minnesota na Michigan, walikuwa wamefanya vivyo hivyo.

Sauna ni chumba kidogo cha mbao chenye jiko ambalo juu yake yamerundikwa mawe. Mawe yakisha kupata moto sana, waogaji huketi juu ya kichanja karibu na dari, na mmoja wao huyamwagia maji kwa kata. Maji hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huwashukia wote kama shuka la moto. Wafini huuita löyly, neno ambalo hapo kale lilikuwa na maana ya pumzi au roho ya mtu. Joto la chumba huwa kati ya nyuzi 70 na 100. Mtu hutoka jasho, hujipigapiga kwa matita ya majani mabichi, kisha hutoka nje akajitosa ziwani au akajigaragaza katika theluji. Mwenye kujua mafusho ya kwetu, mgonjwa akifunikwa blanketi juu ya chungu cha majani yachemkayo, ana mwanzo wa kulielewa jambo hili. Mwenye kuiona Hamamni ya Unguja, iliyojengwa katika enzi ya Sultani Barghash, asidhani kuwa ni kitu kimoja: hamamu ni jengo la mawe na la mjini, sauna ni mtoto wa msitu.

Desturi hii ni ya zamani sana. Tarikh iliyoandikwa Kiev mwanzoni mwa karne ya 12 husimulia habari za watu wa Novgorod, majirani wa Wafini, waliokuwa wakioga katika vyumba vya mbao vilivyotiwa moto mkali, wakijichapa kwa vijiti hata wakakaribia kuzimia. Msimulizi aliliona jambo hilo kuwa kichekesho. Katika karne ya 16 mabafu mengi ya umma katika miji ya Ulaya yalifungwa kwa hofu ya magonjwa, na katika karne ya 18, Ufini ilipokuwa chini ya Uswidi, walikuwako matabibu walioishutumu sauna kuwa yadhuru mwili. Mkulima wa Kifini hakusikia. Naona alikuwa na haki, kwa maana wakosoaji wake walihesabu jambo moja tu, kuoga, naye alikuwa akihesabu mengi.

Katika sauna alikausha kimea cha pombe na kitani cha nguo. Katika moshi wake alihifadhi nyama. Humo mgonjwa aliuguzwa, na humo maiti aliogeshwa kabla ya kuzikwa. Humo pia wanawake wa mashambani walijifungulia, na desturi hiyo iliendelea mahali pengi hata miaka ya 1940. Twaweza kustaajabu, lakini tutafakari: ilikuwa majira ya baridi, nyumba ilijaa watu na moshi wa chakula, na mama alihitaji mahali penye joto, penye maji ya moto tele, pasipo macho ya watu. Hapakuwa na chumba kingine cha namna hiyo katika shamba zima. Basi mtu wa "shamba baridi" aliyejenga sauna kwanza alikuwa amejenga kwa mpigo mmoja bafu, jiko, dobi, chumba cha mgonjwa na chumba cha uzazi.

Sasa tuitazame kazi ya fundi. Sauna ya zamani kuliko zote haikuwa na dohani. Kuta zilikuwa za magogo ya msonobari yaliyolaliana, na nyufa zake zilizibwa kwa kuvumwani iliyokaushwa. Katika pembe palijengwa jiko la mawe matupu, mamia ya kilo. Moto uliwashwa humo kwa saa nyingi, na moshi ukajaa chumba chote, ukitoka polepole kwa mlango na kwa tundu la ukutani. Moto ulipokufa, makaa yaliondolewa, maji kidogo yalimwagwa juu ya mawe ili kuufukuza moshi uliobaki, na chumba kikaachwa kitulie. Ndipo watu walipoingia. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, lakini mvuke, kwa ushuhuda wa wote waliouonja, ulikuwa laini kuliko wa sauna yoyote nyingine, na joto la mawe yale mengi lilidumu jioni nzima bila kuni za kuongeza.

Uzuri huo ulikuwa na gharama, na wakati mwingine gharama yenyewe ilikuwa roho ya mtu. Aliyekuwa na haraka, akaingia kabla makaa hayajazimika sawasawa, alivuta hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Sisi wa nyanda za juu za Kenya hatuhitaji kufundishwa habari hiyo: jiko la makaa katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi limewaua watu wengi usingizini. Hatari ya pili ilikuwa moto kushika magogo yaliyokauka kwa miaka mingi. Kwa hiyo fundi hakuiweka sauna karibu na nyumba wala ghala, bali aliiweka mbali kidogo, ukingoni mwa ziwa au kijito. Maji yalikuwa karibu kwa kuoga, na karibu kwa kuzimia moto. Na sauna ikiungua, iliungua peke yake.

Dohani zilipoenea mashambani, chaguo likawa gumu zaidi. Jiko lenye dohani liliondoa moshi, masizi na sehemu kubwa ya hatari. Lakini wazee walinung'unika kwamba mvuke umekuwa mkavu na mkali. Kisha, katika miaka ya 1930, yakaanza kuenea majiko ya chuma ambayo moto wake umetengwa na mawe, hata waogaji wakaweza kuongeza kuni huku wakiendelea kuoga. Chumba kikawa tayari kwa muda wa saa moja hivi badala ya nusu ya siku. Vita vya 1939 hadi 1944 havikuikatiza desturi hii. Askari walijenga sauna nyuma ya mstari wa mapigano, nyingine ndani ya mahandaki, kwa kuwa chawa na uchafu ni adui asiyengoja amri. Baada ya vita watu walipomiminika mijini, likaja jiko la umeme, na sauna ikapanda ghorofani. Leo nchi ile ya watu wapatao milioni tano na nusu inakadiriwa kuwa na sauna zaidi ya milioni tatu, na mwaka wa 2020 UNESCO iliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Mtu anayejenga sauna ya nyumbani leo katika nchi za baridi angali akijibu maswali yale yale ya babu zake. La kwanza ni la ukubwa. Chumba kikubwa ni fahari ya bure: hula kuni au umeme, na kichwa huungua hali miguu yaganda. Kwa jiko la umeme mafundi hukadiria kilowati moja kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba cha mita 2 kwa 2, chenye dari ya mita 2 na robo, chahitaji kilowati 9 hivi. Kama ukuta mmoja ni wa matofali au kioo, lazima kuongeza, kwa kuwa vitu hivyo hunywa joto. Kichanja cha juu huwekwa sentimita 110 au 120 chini ya dari, na kanuni ya wazee yasema kwamba miguu ya mwogaji yapasa kuwa juu kuliko mawe ya jiko, la sivyo mvuke hupita juu yake. Mbao za kichanja ziwe za mti laini usio na ulimbo, kwa maana ulimbo ukipata moto hutoka na kuchoma ngozi. Mawe nayo hayaokotwi ovyo. Hutakiwa mawe mazito yaliyozaliwa na moto wa ardhini, yasiyopasuka yakimwagiwa maji. Jiwe baya laweza kuruka vipande usoni mwa mtu.

Jambo linalowashinda wengi ni hewa na unyevu. Ukuta wa magogo ulikuwa ukijikausha wenyewe. Ukuta wa kisasa una matabaka, na ndani yake pamba ya kuzuia baridi. Mvuke ukipenya humo hukutana na ubaridi wa nje, hugeuka maji, na mbao huoza kimyakimya hata mwenye nyumba akagundua ukuta umekwisha. Kwa sababu hiyo nyuma ya mbao za ndani hutandazwa karatasi ya alumini, na kati yake na mbao huachwa nafasi ya hewa kupita. Hewa mpya huingia karibu na jiko, na hewa iliyochoka hutolewa upande wa pili, chini ya vichanja. Mlango hufunguka kwa nje, wala hauwekwi kufuli. Mtu aliyelegea kwa joto asukume tu, atoke.

Wafini wa zamani walipomaliza kuoga walikuwa na desturi ya kuacha mvuke wa mwisho kwa ajili ya mzimu mdogo waliyeamini kuwa hukaa saunani na kuilinda. Waliyatia maji mawe kwa mara ya mwisho, wakatoka bila kelele. Fundi wa siku hizi humwambia mwenye nyumba aache jiko liwake kidogo na tundu la hewa libaki wazi baada ya mtu wa mwisho kutoka, ili mbao zikauke hadi Jumamosi ijayo.