Kelele za Wazungu? Muulize babu aliyekaa Dar

Washa roki kwa sauti huku kwetu Masieda uone. Lazima mzee mmoja atauliza hizo kelele za Wazungu ni za nini.

Mwambie Dar walishaanza zamani. Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana walikuwa wanajazana kwenye "bugi", yale madansi ya mchana, wanacheza soul. Novemba 1969 serikali ikapiga soul marufuku jijini, eti kulinda utamaduni. Unadhani walitulia?

1970 ikazaliwa Sunburst: vijana wa Tanzania, Kongo, Zambia na Jamaika, gitaa la roki ndani ya ngoma za Kiafrika. 1973 wakashinda mashindano ya muziki ya taifa. 1976 wakarekodi albamu yao, Ave Africa, Zambia. Baadaye bendi ikafa, ila 2016 kazi zao zikatolewa upya Uingereza.

Majina ya wanabendi tunayo. Wale waliokuwa chini ya jukwaa, jasho linawatoka, nani aliwaandika? Kama una babu au shangazi aliyekaa Dar enzi hizo, muulize leo. Akiondoka, anaondoka na shoo nzima.