Kikomo cha Kungoja, Si "Muda Umekwisha"

Seva ya kuchuja barua taka ikishindwa kufikia hifadhidata yake, fundi anasoma kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba "muda umekwisha". Kuna kamati ya istilahi iliyoibariki tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza "timeout" na kuiingiza katika orodha yake kama "kuisha kwa muda". Nilipoandika "kikomo cha kungoja" katika mswada wa mwongozo wa mafundi, mhariri alikifuta bila kuniuliza, akarudisha neno la kamati. Sijapewa sababu hadi leo. Zangu nazitoa hapa.

Muda wa vocha huisha, wa leseni huisha, wa dawa huisha. Katika hayo hakuna anayemngoja mwenziwe. Tarehe imefika, basi. Lakini programu mbili zikizungumza, moja hukaa ikingoja nyingine iseme. Isiposikia neno hadi kiwango ilichowekewa, huacha kungoja na kukata mawasiliano. Kiini cha dhana ni kungoja, na kamati imekitupa nje.

Tuangalie mizizi. "Muda" tumeupata kwa Waarabu, na maana yake ni kipindi tu. "Kikomo" kimetokana na "koma", kitenzi kilichotupa pia komesha na ukomo: ni pale tendo linapotakiwa kusimama. "Ngoja" imezaa ngojea, ngojeana, kingojo, yaani lindo, na mngoja mlango, jina la zamani la bawabu. Kichujio cha barua ni nini kama si mngoja mlango? Wapo wanaotaka "kikomo cha subira". Nawapinga. Subira ni fadhila ya mja, imekuja na uvumilivu wake wote kutoka Kiarabu. Mashine inahesabu sekunde, haivumilii. Na wanaoandika "taimauti" wameikimbia kazi. Wanaolalamika kwamba istilahi yangu ina maneno matatu waniambie lini walikilalamikia "cheti cha kuzaliwa".

Ubora wa neno hili ni kwamba linamlazimisha fundi aulize: nani alikuwa akimngoja nani? Chukua hifadhidata ya MySQL. Mpangilio wake uitwao wait_timeout huja ukiwa na sekunde 28,800, yaani saa 8. Hapo anayengoja ni hifadhidata: inangoja kichujio kiulize kitu. Ofisi ikifungwa jioni na barua zisiingie usiku kucha, saa 8 zinatimia na hifadhidata inakata muunganisho. Kichujio hakina habari. Barua ya kwanza ya asubuhi inapoingia, kinauliza kupitia muunganisho uliokufa, kinaweza kupata kosa namba 2006, lisemalo kwamba seva imeondoka, ilhali seva ipo na inafanya kazi. Fundi aliyefundishwa "muda umekwisha" atakagua nyaya za mtandao, kisha ataongeza muda upande wa kichujio, ambako hakuna aliyekuwa akingoja. Aliyefundishwa "kikomo cha kungoja" atakwenda moja kwa moja kwenye hifadhidata, au atakiagiza kichujio kiunganishe upya kila kinapokuta muunganisho umekatwa.

Kuna na mngojaji mwingine: seva inayotuma barua. Kanuni za kutuma barua pepe, yaani SMTP, katika RFC 5321 ya mwaka 2008, zinaielekeza ingoje angalau dakika 10 ipate jibu baada ya kumaliza kutuma barua. Kichujio kinachochuja kabla ya kujibu kikiingoja hifadhidata iliyoelemewa kupita hapo, mtumaji ataacha kungoja kwanza, atatuma tena, na mpokeaji huenda akapata nakala mbili. Hivyo ni vikomo viwili, na cha ndani sharti kiwe kifupi kuliko cha nje. Jaribu kulieleza hilo kwa "kuisha kwa muda" uone kama utaeleweka.

Matumizi: muunganisho umefikia kikomo cha kungoja, weka kikomo cha kungoja cha sekunde 30. Wingi: vikomo vya kungoja.

Kamati ikikutana tena, iwaite mafundi wa seva mezani kabla ya kupitisha lolote. Nawe mfasiri mwenzangu, usiingoje kamati: andika kikomo cha kungoja, na mhariri akikifuta, mdai sababu kwa maandishi.