Nasaba ya Mbao Chini ya Hadubini

Mlango wa kale wa mwambao, ambao rangi yake imekwisha kufifizwa na jua na chumvi, na nakshi zake zimejaa mafuta na vumbi la vizazi, haumwelezi mtazamaji kwa yakini kama ni wa msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi au ni wa mvule uliokatwa katika misitu ya Afrika Mashariki; lakini kipande chake chembamba, chenye unene wa takriban 1/50 ya milimita, kikitazamwa kwa hadubini, huidhihirisha asili yake.

Msaji huwa na mishipa ya maji iliyo mipana mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji, kisha hupungua upana. Ama mvule, mishipa yake imetawanyika, nayo huzungukwa na tishu laini zenye umbo la mabawa, ambazo aghalabu huungana zikafanya mistari. Boriti za mkoko zina mishipa mingi midogo, na baina ya seli zake mna vijiti vilivyopangika mithili ya ngazi. Mwanzi, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, hauna pete wala miale, yaani safu za seli zitokazo kiini kuelekea gome: mafungu ya mishipa yake husongamana karibu na ganda la nje, na hapo ndipo penye nguvu zake.

Kwa maarifa haya, fundi anayetengeneza jengo la kale huweza kuchagua mti wa jinsi ile ile waliyoiteua mafundi wa awali, na amana yao ikahifadhiwa kwa uaminifu.