Pamba, nyuzi, nguo: fundisho la Sunflag kwa sisi wa Kamina



Tukisikia « kampuni ya nguo ya kimataifa », mawazo yetu inakimbia Paris ao China. Lakini kuko familia moja yenye ilijenga ya kwake hapa Afrika, na historia yake inatuhusu sana sisi watu wa kilimo.

Ni familia ya Bhardwaj, yenye asili ya Uhindi. Sunflag ilianza Nairobi mwaka 1937, Kenya ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwaka 1961 ikaingia Nigeria, na mwaka 1965 ikafungua kiwanda Arusha, Tanzania. Angalieni hizo tarehe muzuri. Nigeria ilipata uhuru 1960, Tanganyika 1961. Serikali changa zilikuwa zinataka viwanda ndani ya nchi, kuliko kununua kila shati ngambo. Familia haikungoja mupaka ufungwe ndipo itafute njia: ilipeleka mashini pale wanunuzi wako. Kisha, katika miaka ya 1980, ikaingia hata katika chuma, kule Uhindi.

Sasa, kazi yenyewe inaendeshwa namna gani? Arusha, pamba inaingia, inasokotwa kuwa nyuzi, nyuzi zinafumwa, kitambaa kinatiwa rangi, kinakatwa, kinashonwa. Yote katika kampuni moja. Faida ya kila hatua inabaki nyumbani, na fundi wa kushona hangoje meli ilete kitambaa. Miaka ya 1980 na 1990, soko ilipofunguliwa na nguo za mitumba zikajaa, viwanda vingi vya Tanzania, hata vile vya serikali, vilianguka. Sunflag ilibaki. Na tangu 2000, sheria ya Marekani inayoitwa AGOA ilipofungua mulango kwa nguo za Afrika bila ushuru, yenyewe ilikuwa tayari.

Na kwetu? Tusiseme hatukuwa na kitu. Wabeleji walilazimisha balimi kulima pamba tangu 1917. Mwaka 1920 ikazaliwa Cotonco, kampuni ya kununua na kuchambua pamba. Pale Gandajika, jirani zetu wa Lomami, INEAC ilifanya utafiti wa mbegu. Kalemie kulikuwa Filtisaf, kiwanda cha nyuzi na vitambaa, na reli ya kutoka Kamina ilifika hadi Kabalo mwaka 1956, ikaungana na ile ya Kalemie. Mbegu, utafiti, reli, kiwanda: vyote vilikuwako. Lakini mulimi alilima kwa kulazimishwa, bei ilipangwa na wengine, na hakuna hatua hata moja yenye ilikuwa mikononi mwake. Leo mashini ya Filtisaf imenyamaza, na katika soko zetu tunachagua nguo katika balo za vitu vilivyovaliwa na watu wengine.

Tusidanganyane lakini: hata Tanzania, mulimi wa Shinyanga anauzisha pamba mbichi, na kazi yake inaishia pale. Familia ya Bhardwaj njo inashika hatua zinazofuata.

Basi tufanye hesabu ya kiagronome. Kilo 100 za pamba yenye mbegu zinatoa karibu kilo 35 hadi 40 za nyuzi. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, na mbegu inatoa mafuta, pia mashudu ya kulisha nyama za kufugwa. Mulimi akiuzisha mbichi, hayo yote inaenda na gari la munuzi.

Ndiyo maana, tukizungumzia kurudisha pamba Haut-Lomami, mimi siulize kwanza nani atatuletea kiwanda cha nguo. Ninauliza: chama cha balimi, pamoja na lisansie mumoja mwenye kujua kazi, kinaweza kushika hatua gani? Kuchambua? Kukamua mafuta? Familia ya Bhardwaj ilichukua miaka 24 kutoka Nairobi kufika Nigeria. Sisi tunaweza kuanza na hatua moja.

Nyinyi munaona tuanzie wapi?