Kupanda Mlima Kilimanjaro Kutoka Bonde la Kilombero: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mji wa Ifakara uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, ilhali Kilele cha Uhuru katika Mlima Kilimanjaro kiko mita 5,895. Mkazi wa Bonde la Kilombero anayekusudia kufika kileleni ana zaidi ya mita 5,500 za kupanda, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kupangiwa kwanza, kabla ya nauli na mavazi.

Kilimanjaro ni miongoni mwa milima mitatu ya Afrika yenye barafu ya kudumu, mingine ikiwa ni Mlima Kenya na Ruwenzori. Ili kufika Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya, mpandaji huhitaji kamba na ujuzi wa kukwea miamba, na kilele cha Margherita cha Ruwenzori huhitaji viatu vyenye meno ya chuma kwa ajili ya kutembea juu ya barafu. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hakidai hayo kwa anayefuata njia za kawaida. Njia hizo hupita kando ya barafu. Barafu yenyewe imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Kutokuhitajika kwa kamba kumewafanya baadhi ya watu waudharau mlima huu, na hilo ni kosa, kwa kuwa hatari yake kubwa ni uchache wa hewa. Kileleni, kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huleta nusu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea.

Upungufu huo husababisha ugonjwa wa mwinuko, ambao huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu. Ukipuuzwa unaweza kuleta maji katika mapafu au uvimbe wa ubongo, hali ambazo huua ndani ya muda mfupi. Ujana na nguvu za mwili si kinga. Mkulima aliyezoea kubeba magunia ya mpunga anaweza kuugua huku mwenzake mwenye umri mkubwa akiendelea salama. Tiba ya uhakika ni kumshusha mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku.

Kwa wakazi wa Kilombero kuna mambo mawili ya kiafya ambayo vitabu vingi vya wageni havigusii. La kwanza ni malaria. Vimelea huweza kukaa mwilini kwa siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza, hivyo mtu aliyeumwa na mbu akiwa Ifakara anaweza kuanza kuugua akiwa mlimani. Maumivu ya kichwa, kutapika na uchovu vitafanana na ugonjwa wa mwinuko, na kiongozi asiyejua mgonjwa ametoka wapi anaweza kudhani ni mwinuko tu. Kipimo kilichoonesha hakuna malaria siku ya kuondoka hakitoshi kuondoa shaka. Inashauriwa kulala ndani ya chandarua bila kukosa katika wiki za mwisho kabla ya safari, kumweleza kiongozi mapema kwamba msafiri anatoka eneo lenye malaria, na kushuka ili kupimwa endapo homa itajitokeza.

La pili ni selimundu. Mgonjwa wa selimundu hapaswi kupanda. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye kwa kawaida ni mzima na pengine hajui hali yake, anaweza kupata madhara ya bandama anapofika mahali palipo na oksijeni kidogo. Kipimo cha damu hutoa jibu, na ni vyema kifanyike pamoja na kipimo cha wingi wa damu, shinikizo la damu na uchunguzi wa moyo. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu wapate kwanza ushauri wa daktari.

Uchaguzi wa njia na idadi ya siku ndio uamuzi unaobeba usalama wa safari. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala: Mandara katika mita 2,720, Horombo mita 3,720 na Kibo mita 4,720. Njia za Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe ni za mahema. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni kwamba, baada ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku mmoja. Msomaji akitazama tarakimu za Marangu ataona kuwa kila kibanda kimepishana na kinachofuata kwa mita 1,000. Ndiyo sababu safari ya siku tano, inayovutia kwa unafuu wa gharama, huwarudisha wengi kabla ya kilele. Siku ya sita, inayotumika kupumzika Horombo na kutembea juu kidogo kisha kurudi kulala palepale, ina thamani kuliko koti jipya. Machame na Lemosho hupangwa vizuri zaidi kwa siku saba au nane, kwa kuwa mpandaji hupanda juu mchana na kulala chini zaidi usiku.

Mazoezi yanaweza kufanyika nyumbani. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao makuu Mang'ula katika barabara ya Ifakara kwenda Kidatu, ina njia za kupanda maporomoko ya Sanje yenye urefu wa takriban mita 170, na njia ya siku kadhaa hadi kilele cha Mwanihana. Ni mahali pazuri pa kujaribu viatu na magoti, na huenda msafiri akabahatika kumwona mbega mwekundu wa Udzungwa. Hata hivyo, Luhombero, kilele kirefu kuliko vyote vya Udzungwa, hakifiki mita 2,600. Yaani ni kifupi kuliko kibanda cha kwanza cha Marangu. Udzungwa huandaa miguu, wala haiandai mwili kwa hewa chache.

Majira yanayofaa ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Kwa wakulima wa bonde, miezi ya Julai hadi Oktoba ina nafuu zaidi, kwani mavuno ya mpunga huwa yamekamilika. Wapo wanaopenda kufika kileleni tarehe 9 Desemba, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Taifa na Mwenge wa Uhuru. Hao wajiandae kwa uwezekano wa mvua.

Hairuhusiwi kupanda bila kiongozi aliyesajiliwa. Kampuni inayochaguliwa iwe na leseni ya biashara ya utalii inayotambuliwa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Raia wa Tanzania hulipa tozo ndogo kuliko wageni, hivyo kitambulisho cha Taifa kisisahaulike. Tozo za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na msafiri ana haki ya kuoneshwa stakabadhi. Aulize pia wapagazi wanalipwa kiasi gani na watalala wapi. Mzigo wa mpagazi hupimwa langoni na hautakiwi kuzidi kilo 20. Bei ya chini mno mara nyingi hupatikana kwa kupunguza siku za safari au ujira wa watu hao.

Nguo nzito za baridi hukodishwa Moshi, na makoti mazuri hupatikana katika masoko ya mitumba. Viatu visikodishwe, kwani kiatu kigeni huchubua mguu siku ya kwanza. Chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi hifadhini. Kutoka Ifakara, safari ya barabara hupita Mikumi, Morogoro, Chalinze, Segera na Same hadi Moshi; inafaa kufika angalau siku moja kabla, ili kupanda kusianze na uchovu wa basi.

Safari ya mwisho huanza karibu na saa sita usiku, katika baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi joto 10 hasi. Kabla ya kuondoka Ifakara, mpandaji na kiongozi wake wakubaliane kwamba neno la kiongozi la kurudi ni la mwisho. Anayefika Gillman's Point, kwenye ukingo wa Kibo, hupewa cheti chake langoni, na anayefika Uhuru hupewa cha Uhuru.