SEHEMU YA 3: Pikipiki iliyotuletea chanjo kijijini

Wiki iliyopita tulizungumzia jokofu la chanjo. Leo tumzungumzie mwenzake, pikipiki.

Waliokulia Muleba na Bukoba vijijini wanaukumbuka ule mlio, kama wa mashine ya kusaga, na moshi wa bluu kati ya migomba. Watoto walikuwa wanajua kabla ya mama zao: "Sindano imekuja!" Ile ilikuwa Yamaha DT.

Yamaha walianza na vinanda karne ya 19. Ndiyo maana nembo yao ni vyuma vitatu vya kupimia sauti ya ala za muziki. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka 1955. Kisha 1968 wakatoa DT-1, cc 250, iliyotengenezwa kwa ajili ya njia za vumbi na matope: nyepesi, iliyoinuka juu, tairi za meno, bomba la moshi limepandishwa lisizame kwenye maji. Wamarekani waliinunua kwa starehe, kuchezea porini wikiendi. Baadaye zikaja ndogo zake, ikiwemo DT 125.

Huku kwetu haikuwa starehe. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza 1975, na chanjo inataka kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, iwe lami au utelezi wa Kamachumu. Gari halipiti kwenye vibanja, baiskeli inachelewa, barafu inayeyuka. DT ilipita. Bwana afya, bwana shamba, muuguzi wa mkoba, wote waliipanda.

Lakini ilikuwa na tabia moja. Injini yake inaunguza oili pamoja na petroli, na oili ina tanki lake pembeni. Ukisahau kuijaza, injini inanoki.

Nilipoanza kazi, zahanati yetu ilikuwa na DT 125 kuukuu. Siku moja ya mkoba hakuna aliyeangalia oili. Tukanoki njiani, mimi na boksi langu la chanjo. Wakina mama walikaa chini ya mti hadi saa nane, wakarudi nyumbani. Hakukuwa na simu ya kuwaambia.

Tulirudi mwezi uliofuata. Mtoto mmoja wa miezi kumi, ambaye angechanjwa siku ile, alikuwa ameshaugua surua. Alipona, ila jicho moja lilibaki na kovu. Mama yake hakunilaumu. Alisema tu, "Tuliwasubiri." Mpaka leo nalisikia hilo neno.

Siku hizi DT ni chache. Zimejaa za India na China, hazichanganyi oili, na bodaboda iko kila njia panda. Kwa hiyo, jamani, msitusubiri chini ya mti. Siku ya mkoba ikipita hatujatokea, uliza, na wiki hiyohiyo mpeleke mtoto zahanati. Surua ni miezi 9, kisha miezi 18. Ukipanda boda, panda peke yako na mtoto, mwambie dereva aende taratibu. Na kadi usiiache nyumbani.

Sehemu ya 4: boti ya chanjo kwenda Bumbire, kule ambako hata DT haikufika.

Haya, nani anaukumbuka ule mlio? Niandikie hapo chini, na kabla hujalala fungua kadi ya mtoto uangalie tarehe.